Wosia wa London uliofika Kilifi

*Hisa za kampuni ya dawa alizoziacha tajiri mmoja zimeilisha taasisi ya utafiti Pwani ya Kenya kwa zaidi ya miaka 30. Hisa hizohizo ziliwahi kuwafanya wanaharakati wa Ukimwi wajifunge minyororo New York.*

Na Mwandishi Wetu

Asubuhi ya Septemba 14, 1989, wanaume saba waliovaa suti na tai walipita kwenye mlango wa Soko la Hisa la New York, wamechanganyika na madalali waliokuwa wakiwahi kazini. Vitambulisho walivyobandika vifuani vilikuwa vya kughushi.

Baadhi yao walipanda moja kwa moja hadi kwenye roshani inayotazama ukumbi wa biashara, wakajifunga minyororo kwenye vyuma vyake, na kengele ya kufungua soko ilipokaribia wakapuliza honi za mkononi hadi hakuna aliyeisikia. Bango waliloliteremsha liliwataka madalali wauze hisa za Wellcome.

Walikuwa wanaharakati wa kundi la ACT UP, wakiongozwa na Peter Staley, ambaye mwenyewe aliwahi kufanya kazi ya kuuza hatifungani mitaa hiyohiyo na ambaye alikuwa akiishi na VVU. Hasira yao ilikuwa juu ya AZT, dawa ya kwanza ya kukabili VVU kuidhinishwa Marekani, Machi 1987. Ilipoingia sokoni, mgonjwa alihitaji takriban dola 10,000 kwa mwaka. Siku chache baada ya minyororo ile, kampuni iliyoitengeneza, Burroughs Wellcome, tawi la Wellcome huko Marekani, ilitangaza kupunguza bei kwa asilimia 20.

Lakini nani alikuwa akimiliki Wellcome yenyewe? Takriban robo tatu ya hisa zake hazikuwa mikononi mwa tajiri wala benki. Zilikuwa za mfuko wa hisani, ulioanzishwa kwa wosia wa mtu aliyekufa zaidi ya nusu karne kabla, na kazi yake ilikuwa kugharimia utafiti wa tiba.

Na mwaka huohuo wa 1989, fedha za mfuko huo zilikuwa zikifungua ukurasa mpya huku kwetu. Daktari Kevin Marsh, akishirikiana na Norbert Peshu na Bob Snow, alikuwa akianzisha kituo cha utafiti wa malaria katika viwanja vya hospitali ya Kilifi. Leo kinajulikana kama Programu ya Utafiti ya KEMRI-Wellcome Trust.

Mgonjwa wa New York alilipa, kampuni ikapata faida, faida ikawa gawio, gawio likaingia kwenye mfuko, na mfuko ukagharimia maabara inayochunguza damu ya mtoto wa Ganze, Kilifi, mwenye homa. Mnyororo huo ndio unaofanya suala la kutoa hisa kwa ajili ya afya kuwa gumu kuliko linavyoonekana katika vipeperushi vya mashirika ya hisani.

Mfuko tajiri usio na pesa

Henry Wellcome alizaliwa mwaka 1853 Wisconsin, Marekani, katika nyumba ya magogo. Mwaka 1880 alifungua biashara ya dawa London pamoja na Mmarekani mwenzake, Silas Burroughs, na kati ya vitu vilivyowatajirisha ni vidonge vilivyoshindiliwa kwa mashine, wakati ambapo wauza dawa wengi walikuwa bado wakipima unga na maji kwa mkono.

Mwenzake alifariki mapema. Ndoa ya Wellcome ilivunjika mahakamani. Akabaki na kampuni, maabara, na tamaa isiyo na kikomo ya kukusanya vitu vya kale vinavyohusu tiba.

Wosia wake aliuandika mwaka 1932. Alipofariki Julai 1936, hisa zote za kampuni zilipita kwa wadhamini, na gawio lake likaelekezwa kwenye utafiti wa tiba na historia yake.

Kwenye karatasi, wadhamini wale walikuwa matajiri. Kwa kweli walikuwa na kampuni iliyodorora, kodi ya mirathi ya kulipa, na maghala yaliyojaa vitu vya marehemu ambavyo hakuna aliyejua pa kuvipeleka. Kwa miaka mingi ruzuku walizotoa zilikuwa ndogo mno zikilinganishwa na jina la mfuko.

> Mwenye hisa za kampuni moja tu hana mfuko wa hisani. Ana duka moja, na anaomba Mungu lisifilisike.

Mambo yalibadilika pale wadhamini walipokubali kuuza. Mwaka 1986 waliingiza kampuni kwenye soko la hisa la London, wakauza takriban robo. Baadaye walikwenda mahakamani kuomba madaraka mapana zaidi ya kuwekeza, na wakapewa. Mwaka 1992 wakauza fungu jingine kubwa. Mwaka 1995 kampuni yote ikanunuliwa na Glaxo kwa takriban pauni bilioni 9, katika mauzo ambayo wadhamini wenyewe ndio walioyawezesha.

Kazi ya maisha yote ya Wellcome iliondoka mikononi mwa mfuko wenye jina lake. Wapo waliouona huo ni usaliti. Mimi naona ndio uamuzi uliookoa wosia: leo mfuko huo una mali ya zaidi ya pauni bilioni 30, imetawanywa katika nchi na biashara nyingi, na mwaka 2022 ulitangaza mpango wa kutumia pauni bilioni 16 katika miaka kumi.

Kilichonunuliwa Kilifi

Fedha za namna hii zina sifa moja ambayo fedha za mradi wa miaka mitatu hazina. Haziondoki mradi unapokwisha.

Tangu mwaka 2000, watafiti wa Kilifi wamekuwa wakifuatilia kaya kwa kaya vizazi, vifo na wahamiaji katika eneo lenye watu zaidi ya robo milioni kuizunguka hospitali. Hiyo ni kazi isiyo na picha nzuri ya kumwonyesha mfadhili. Ni daftari. Bila daftari hilo, huwezi kusema kama chanjo imepunguza vifo au ni mvua tu zilizochelewa mwaka huo.

Uvumilivu huo ndio uliozaa madaktari wa kuuliza maswali yanayokera. Kwa miaka mingi vitabu vya tiba viliagiza kwamba mtoto aliyefika hospitali akiwa mahututi, mzunguko wake wa damu ukiwa umedhoofika, atundikiwe dripu ya haraka. Kathryn Maitland, daktari wa watoto mwenye makao Kilifi, aliongoza jaribio lililohusisha watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania ili kulipima agizo hilo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011, na jaribio lilikuwa limesimamishwa kabla ya wakati wake. Waliopewa maji kwa haraka, zaidi ya asilimia 10 walifariki ndani ya saa 48. Wasiopewa, asilimia 7.3. Sehemu kubwa ya gharama za jaribio hilo ilitoka baraza la utafiti wa tiba la Uingereza, si Wellcome, lakini timu na uzoefu vilikuwa vimejengwa Kilifi miaka mingi kabla.

Kisha kuna chanjo ya malaria. Mwaka 2007 watoto 894 wa Kilifi na wa Korogwe, Tanzania, waliingizwa kwenye jaribio la chanjo ya RTS,S, na waliochanjwa waliugua malaria kwa kiasi cha nusu hivi ya wenzao. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021.

Mtengenezaji wa RTS,S ni GSK, kampuni iliyozaliwa mwaka 2000 kwa kuunganisha Glaxo Wellcome na SmithKline Beecham. Yaani kampuni ileile iliyouzwa na wadhamini ilirudi Kilifi ikiwa imebeba sindano. Sehemu ya gharama ililipwa kupitia shirika la PATH kwa fedha za Wakfu wa Gates, ambao tangu mwaka 2006 umekuwa ukipokea kila mwaka hisa za kampuni ya Berkshire Hathaway kutoka kwa tajiri Warren Buffett. Ukizichimba fedha za malaria, hukosi kukuta hisa chini yake.

Lakini Kilifi pia ina kumbukumbu nyingine. Madaktari sita wa Kenya waliishtaki KEMRI wakidai kubaguliwa katika kazi na kupandishwa vyeo wakilinganishwa na wenzao wa kigeni. Mahakama ya kazi iliwapa ushindi mwaka 2014. Mahakama ya Rufaa ikautengua, na Mahakama ya Juu mwaka 2020 ikaona hawakuthibitisha madai yao.

Kisheria kesi imefungwa. Mjadala uliobaki ni huu: fedha zikiamuliwa London, nani anachagua swali la kuchunguza na jina la nani linatangulia kwenye ripoti?

Kwa nini hisa, si pesa mkononi

Mmarekani au Mwingereza anayetoa hisa kwa hospitali ya saratani huenda ana moyo mwema. Ana pia mhasibu.

Chukua mtu wa Minnesota aliyenunua hisa kwa dola 1,000 na sasa zina thamani ya dola 10,000. Akiziuza, serikali itataka kodi juu ya faida ya dola 9,000. Akizitoa kama zilivyo kwa shirika la hisani lililosajiliwa, na kama amezishika zaidi ya mwaka mmoja, hiyo kodi hailipwi na yeye wala shirika, na kama anaorodhesha michango yake kwenye hesabu ya kodi anaweza kupunguza kwenye kipato chake thamani yote ya dola 10,000, ndani ya viwango vilivyowekwa.

Uingereza ina mpango unaofanana na huo tangu mwaka 2000. Katika mirathi inakwenda mbali zaidi: kinachoachiwa hisani hakitozwi kodi ya urithi ya asilimia 40, na tangu 2012 marehemu aliyeacha walau asilimia 10 ya mali yake halisi kwa hisani, kodi ya kilichobaki inashuka hadi asilimia 36. Shirika la Cancer Research UK limekuwa likisema hadharani kwamba zaidi ya theluthi ya utafiti wake hulipwa na wosia za watu.

Mashirika mengi yenye uzoefu huwa na kanuni moja: hisa ikiingia asubuhi, iuzwe kabla ya jioni. Hayataki kubahatisha, wala hayataki kuwa mmiliki wa kiwanda cha sigara kwa bahati mbaya.

Upande wa pili wa risiti

Wakosoaji wana hoja, na haziondolewi kwa kutaja idadi ya watoto waliopona.

Ya kwanza ni kwamba kodi ambayo tajiri hakulipa ingejenga zahanati pia, tena zahanati ambayo wananchi wangeipigia kura. Tajiri anachagua ugonjwa anaoupenda, na hazina ya umma inamchangia bila kuulizwa.

Ya pili ni matumizi mabaya. Mwaka 1953 Howard Hughes, tajiri wa ndege na filamu, aliipa taasisi ya utafiti wa tiba yenye jina lake hisa zote za kampuni yake ya Hughes Aircraft. Mdhamini pekee wa taasisi hiyo alikuwa Hughes mwenyewe. Kwa miaka mingi kilichotumika kwenye utafiti kilikuwa kidogo sana ukilinganisha na ukubwa wa kampuni.

Hughes alifariki 1976. Mahakama ya Delaware ndiyo iliyoteua wadhamini wapya mwaka 1984, na mwaka uliofuata wakaiuza kampuni kwa General Motors kwa zaidi ya dola bilioni 5. Baada ya hapo ndipo taasisi ikawa moja ya wafadhili wakubwa wa sayansi ya tiba duniani. Ubahili wa mtoaji ulikwisha pale tu yeye na kampuni yake walipotoka mlangoni.

> Gawio lilelile linalolipa mshahara wa mtafiti huweza kuwa linatoka kwa mgonjwa anayehangaika kumudu dawa.

Ya tatu ni ile ya waliojifunga minyororo. Mfuko wa Wellcome haukupanga bei ya AZT, uongozi wa kampuni ndio uliopanga. Ila mwenye robo tatu ya hisa hawezi kusema hakuwemo nyumbani. Mwaka 2015 gazeti la The Guardian liliusukuma mfuko huohuo kuachana na hisa za kampuni za mafuta na makaa ya mawe. Ukakataa wakati ule, ukidai mwenye hisa ana nafasi ya kusema ndani ya kikao kuliko aliyeondoka.

Na huku kwetu?

Wazo la mali inayoendelea kutibu baada ya mwenyewe kuzikwa si geni kwa pwani hii. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo mzaliwa wa Zanzibar, alitoa fedha za hospitali Dar es Salaam na kuacha majengo na ardhi ili mapato yake yawahudumie wagonjwa wasiojiweza. Alifariki mwaka 1897. Jina lake lingalipo Muhimbili, kwenye jengo la wodi.

Kilichokuwa nyumba na shamba kwa Sewa Haji, leo kwa watu wengi ni hisa. Mwaka 2008 Wakenya zaidi ya laki nane waliomba kununua hisa za Safaricom kwa Sh5 kila moja. Wengi wao hawakuwa matajiri. Walikuwa walimu, makondakta, wenye vibanda.

Hisa hiyo pia inafundisha hatari yake. Mwaka 2021 ilipita Sh40, na mwaka 2023 ikaanguka chini ya Sh15. Hospitali iliyoachiwa hisa 1,000 na kuzikumbatia kwa mapenzi ya marehemu ingetazama zaidi ya nusu ya zawadi ikiyeyuka.

Kwa nini basi huwasikii watu wa Nairobi au Mombasa wakizitoa? Sababu moja ni kwamba mhasibu hana la kusema. Hisa zinazouzwa kwenye soko la Nairobi hazitozwi kodi ya faida ya mtaji, ingawa kiwango cha kodi hiyo kwa mali nyingine kilipandishwa hadi asilimia 15 mwaka 2023. Kodi ya mirathi haipo. Mkenya anayetoa hisa hapati nafuu ile inayomsukuma Mmarekani.

Serikali ikiombwa kuanzisha nafuu mpya, nadhani itakuwa imeombwa kitu kisicho cha lazima. Watu wetu wanachanga bila kuahidiwa punguzo la kodi. Kila simu ina kundi la harambee ya bili ya hospitali, na fedha zinapatikana, mara nyingi usiku kabla ya upasuaji. Tatizo la harambee ni kwamba huanza mgonjwa akiwa tayari kitandani, na huisha bili ikilipwa. Hailipi daftari la Kilifi.

Kwa Waislamu kuna mipaka inayojulikana: wosia hauvuki theluthi moja ya mali, na hilo ni ulinzi kwa warithi. Lakini wakfu ni mlango mwingine, unaofunguliwa mtu akiwa hai. Mwaka 2009, mkutano wa Sharjah wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu ulipitisha kwamba hisa halali za kampuni zinaweza kuwekwa wakfu. Wenye wakfu za Mombasa na Lamu wanaojua ugumu wa kudai kodi kwa mpangaji wa nyumba ya babu wanaweza kuona faida ya gawio linaloingia benki lenyewe.

Kinachotisha zaidi ni makaratasi. Kenya ina mamlaka maalumu ya mali za kifedha zisizodaiwa, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2011, na sehemu ya kinachofika huko ni gawio na hisa za watu ambao familia zao hazikujua kuwa zipo. Marehemu hakuwa na ubaya wowote. Hakuandika tu.

Kwa Tanzania, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini (RITA) huandika na kuhifadhi wosia kwa ada, huduma ambayo wengi huikumbuka msiba ukishafika. Hapo tena familia huanza kwa kubishana ni sheria ipi itumike, ya kimila, ya Kiislamu au ile iliyorithiwa kutoka India ya Waingereza.

Na mashirika yenyewe? Tovuti za taasisi nyingi za afya za hapa zina namba ya paybill na picha ya mtoto anayetabasamu. Ni chache zinazoeleza namna ya kuzipa hisa. Shirika lisilo na akaunti ya kuhifadhia hisa, lisilo na dalali wa hisa, na ambalo bodi yake haijaamua kama itauza au itashika, litapokea barua ya msimamizi wa mirathi na kuiweka kwenye droo.

Mtoaji naye ana kazi yake, na si kubwa. Sheria ya urithi ya Kenya inataka wosia wa maandishi usainiwe mbele ya mashahidi wawili, na zawadi ya shahidi hubatilika isipokuwa kuna wengine wawili wasionufaika. Tegemezi aliyesahaulika anaweza kwenda mahakamani na akapewa fungu, kwa hiyo mke, mume na watoto watangulie kwenye karatasi kabla ya hospitali. Namba ya akaunti ya hisa iandikwe. Wadhamini waruhusiwe kuuza. Na jina la taasisi liandikwe kama lilivyosajiliwa, pamoja na namba yake ya usajili, kwa sababu “hospitali ya watoto ya pale barabarani” ni maneno ambayo mawakili wa pande mbili wanaweza kuyabishania hadi hisa zenyewe ziishe kulipa ada zao.